Moto wa Hotipoti

"Kilikuwa moto," alisema Mama Kailemia, na Kagwiria akahisi mshipa wa kichwa ukianza kumgonga.

Hii ilikuwa nyumba ya ngapi hata? Alikuwa ameacha kuhesabu. Tangu Jumatatu alikuwa akizunguka Mitunguu na pikipiki ya kazi, akitoka shamba la ndizi akiingia shamba la ndizi, akiuliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile, na wote wakimjibu kwa ile sauti ya kumhurumia mtu mgumu wa kuelewa. Chakula kilikuwa moto. Moto kabisa. Moto wa kuchoma ulimi. Ukiwasikiliza ungedhani wale akina mama walikula makaa.

"Sijauliza kama kilikuwa moto," alisema Kagwiria. "Nimeuliza kilipikwa lini."

"Na mimi nakwambia kilikuwa moto. Kitu ikiwa moto unauliza ilipikwa lini ya nini?"

Haya, mjibu mtu kama huyo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi iliyopita akina mama wa chama chao cha kusaidiana walikodi basi wakaenda Kianjokoma, kule Embu, kuona mtoto. Aliyejifungua alikuwa Karimi, binti wa mwisho wa Mukiri, mwenyekiti wa chama. Na huyo Mukiri ndiye mama mkwe wa Kagwiria, kwa hiyo hebu jionee mwenyewe utamu wa kazi hii. Kagwiria hakwenda kwa sababu alikuwa zamu. Wenzake walibeba vyakula, wakaimba, wakaomba, wakala, wakarudi. Usiku huo matumbo yakaanza kuwasokota. Jumapili asubuhi kanisa lilijaa wanaume na watoto peke yao, wake zao wakipokezana mlango wa choo. Karimi mwenyewe, ambaye alijifungua kwa upasuaji na kidonda hata hakijakauka, alilazwa hospitalini Embu akaongezwa maji. Akapona, Mungu ni mwema. Wote walipona. Lakini tumbo likishapona ndipo mdomo hupata nguvu, na mdomo wa Mitunguu ulikuwa umeshampata mkosaji: Halimo na maziwa yake ya ngamia.

Halimo alikuwa mwanachama kama wao. Alizaliwa Maua, akaolewa na Abdijabar, mwenye lori la kubebea ndizi, na sasa alikuwa na kibanda cha maziwa pale sokoni Mitunguu. Kibanda hicho ndicho kilichowalisha wakati lori limelala gereji, na lori hilo lilikuwa na mapenzi makubwa na gereji. Siku ya kuona mtoto alibeba maziwa yake kwenye kile chombo cha kwao cha kufukizwa kwa moshi, akawapa wote. Tangu Jumapili hakuna aliyenunua hata kikombe. Watu walipita mbele ya kibanda wakiangalia upande wa pili, kama mtu anayempita mdai wake. Na Bwana Riungu, mkubwa wa Kagwiria pale ofisi ya afya, alikuwa ameshasema: siku ya soko atakuja na kufuli.

"Andika maziwa, daktari," Mama Kailemia alimshauri sasa, akiegemea mlango wake. Akina mama walimwita Kagwiria daktari akiwapo. Akiondoka walimwita daktari wa choo, kwa ajili ya kazi yake ya kukagua vyoo, na yeye alijua. "Mimi sikusoma, na najua ni maziwa. Ilikuwa inanuka moshi."

"Moshi ni wa kusafisha chombo. Ndio unazuia maziwa yasiharibike."

"Kitu nzuri hainuki moshi."

"Nyama choma je?"

Mama Kailemia alimtazama kwa masikitiko. "Sasa unachanganya mambo," alisema.

Kagwiria alivuta pumzi. Kazi yake, ukiitoa ile suti ya Kiingereza wanayoivalisha chuoni, ni rahisi. Watu wamekula, watu wameugua. Unatafuta aliyekula kitu fulani na asiyekila, unaangalia ni nani aliugua, halafu kile chakula chenyewe kinajitokeza. Mtoto wa shule anaweza.

"Mama Kailemia, ulikula nini?"

"Kila kitu."

"Hakuna ulichoacha?"

"Niache, nimeenda kwa watu kuwatukana?"

Basi hapo ndipo kazi ilipokwama, na ilikuwa imekwama hapo hapo katika kila nyumba. Ukienda kuona mtoto, kila mama anabeba hotipoti yake, na kila hotipoti ikifunguliwa lazima uonje. Ukipita moja bila kuchota, mwenyewe anaona, na ataliweka moyoni mpaka siku ya mazishi yako. Kwa hivyo wote walikula wali wa nyama, wote walikula mchuzi wa kuku, wote walikula chapati zilizomwagiwa mchuzi huo huo, wote walikula mukimo, zile ndizi zilizopondwa pamoja na maharage ya njahi, wote walikunywa maziwa. Na wote waliharisha. Utatofautisha nini na nini hapo? Ni kama kuuliza ni tone lipi la mvua lililokulowesha.

"Na vile vyombo?" aliuliza, ingawa alijua. "Kuna chakula kilichobaki, hata cha kukwangua?"

"Tuliosha. Tukaosha na maji ya moto na sabuni." Mama Kailemia alinyoosha shingo. "Kwani unatuona wachafu?"

Kwa miaka alikuwa akiwafundisha watu hawa kuosha vyombo na hawaoshi. Siku moja tu aliyohitaji uchafu, wote walikuwa wameosha. Kagwiria alivaa helmeti yake akaondoka kabla hajasema neno la kumgharimu kazi.

Alipofika barabarani mume wa Mama Kailemia, aliyekuwa akifunga ng'ombe, alimpungia mkono amsimamishe. "Mwambie bosi wako asijisumbue," alisema kwa furaha. "Uchafu hauui Mwafrika."

"Lakini maziwa ya ngamia yanamuua?"

Mzee alifikiri. "Ngamia ni kitu ingine," alisema.

Bwana Riungu alimpigia simu akiwa bado njiani. "Kagwiria, bado tu? Shida ni maziwa. Hayakupimwa, yametoka mbali, yamebebwa kwa basi. Nani atatulaumu?"

"Aliyachemsha, bosi. Asubuhi ile ile kabla ya safari. Nimekwenda kibandani nikamuuliza yote: anayatoa wapi, anayachemsha vipi, anayabeba na nini. Yamechemshwa hadi yakapanda. Na vile vyakula vingine hakuna anayetaka kuniambia vilikaa muda gani."

"Vililiwa vikiwa moto. Umeandika mwenyewe."

"Wamesema hivyo."

"Basi. Vya moto ni salama, maziwa yalikuwa baridi. Si hata wewe ndiye unafundisha hivyo? Siku ya soko nafunga. Kama una kingine, nitakisikia kwa mkutano wa chama kabla sijaenda sokoni."

Alikata simu. Kagwiria alibaki ameshika simu pale kando ya mfereji wa maji, akitamani kuitupa ndani. Halimo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa amemjibu maswali yote ya maziwa pale kibandani, akamwambia, "Dada, wakifunga hapa, hawataniambia nifungue tena. Mtu akishaitwa sumu, atauza nini?" Maneno hayo yalikuwa yamemkaa Kagwiria kifuani kama mwiba wa samaki.

Sasa ilibaki nyumba moja ambayo alikuwa akiikwepa, na mtu akikwepa nyumba ya mama mkwe wake, kijiji kizima kinajua. Akageuza pikipiki.

Mukiri alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni akimenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usimshike. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa heshima, mzee wa kanisa, ambaye mukimo wake ulikuwa ukiombwa hata na watu wa Nkubu. Alimkaribisha Kagwiria, akampa kisu. Hakuna kukaa bure katika boma hilo.

"Mama," Kagwiria alianza, akimenya, "ule mukimo wa Kianjokoma uliupika lini?"

"Ijumaa jioni. Ningeamka saa ngapi nipike? Basi iliondoka bado giza."

"Halafu?"

"Halafu nikaweka kwa hotipoti ikiwa moto, nikafunga mfuniko, nikazungushia blanketi. Tukafika Kianjokoma, tukaomba, wakaongea wale wazee wao wa Embu, unajua wanavyoongea. Tukafungua mchana jua limeshageuka. Bado ilikuwa moto." Alisema hilo neno la mwisho kwa fahari, na kusema kweli haikuwa fahari ya bure. Hotipoti ile ilikuwa kubwa kama ngoma, na ilinunuliwa kwa pesa za chama.

Kagwiria aliweka kisu chini. "Mama, kuna mdudu ambaye ukipika hafi kabisa. Anabakisha mbegu. Chakula kikichemka mbegu imelala tu. Joto likishuka, ikiwa si moto wa jikoni na si baridi, inaamka, inazaana usiku kucha. Hasa kwa kitu kizito, kama njahi iliyopondwa."

"Kwa hivyo moto ndio mbaya sasa."

"Sijasema moto."

"Umesema. Chakula ilikuwa moto ndio ikawa na mdudu." Mukiri alimenya ndizi nzima kabla ya kuendelea. "Na nani alitufundisha? Si wewe ulisimama kwa kanisa, na ile picha yako ya nzi, ukasema, akina mama, chakula kiliwe kikiwa moto? Tukakusikiliza. Tukachanga chama nzima tukanunua hotipoti, kila mtu yake. Kabla ya hapo hakuna mtu alikuwa nayo. Tulikuwa tunafika kwa watu na sufuria, tunaomba kuni, tunapasha."

Kagwiria aliikumbuka siku ile. Ni kweli. Alisimama. Picha ya nzi ilikuwepo. Alisema kiliwe kikiwa moto, na wao wakaenda wakanunua moto wa kubeba. Uchungu wa jambo hili ulikuwa kwamba hakuna aliyekosa kumsikia. Mara moja katika maisha yake ya kazi watu walimsikiliza, na tazama.

"Mimi sijamlisha mtu sumu tangu nizaliwe," Mukiri alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Yule aliyelazwa ni mtoto wangu mimi. Unataka kuniambia nilienda kumwona mtoto wangu nikamlisha ugonjwa?"

Kagwiria hakuwa na ushahidi, alikuwa na shaka tu. Na shaka juu ya mukimo wa mama mkwe si kitu cha kubeba mkononi. Usiku ule mume wake, Munene, alimwambia aandike maziwa, nyumba ilale. Kagwiria akamwambia alale yeye.

Siku ya soko ilifika. Mkutano wa chama ulikuwa asubuhi, hapo hapo kwa Mukiri, chini ya turubai. Bwana Riungu alikuja mapema na kufuli lake ndani ya mfuko wa karatasi, akaketi kiti cha mbele. Halimo alikuja amejifunga shungi lake jeusi, akaketi mwisho kabisa, na viti viwili vilivyokuwa karibu naye vikabaki vitupu. Hakuna aliyemwambia asikaribie. Walisogea tu, mmoja mmoja, kama watu wanaofuata kivuli.

Na unajua nini kililetwa? Hotipoti. Mukiri aliileta mwenyewe, mikono miwili, akaiweka mezani mbele ya mkwe wake. "Hii nimepika jana jioni," alitangaza. "Vile vile. Nimefunga na blanketi vile vile. Daktari anasema chakula yangu ina mdudu. Basi leo tutakula na yeye wa kwanza."

Akina mama walinong'ona. Kila mtu pale alielewa uzito wa kile kilichowekwa mezani. Kukataa chakula cha mama mkwe mbele ya chama kizima ni jambo ambalo hata talaka haiponyi.

Kagwiria hakukataa na hakula. Alitoa kipimajoto mkobani, akafungua mfuniko, akakichomeka katikati ya mukimo. Akangoja. Akakisoma, akamwonyesha Riungu, aliyekuna kidevu.

"Arobaini na kidogo," Kagwiria alisema. "Mama, weka mkono."

Mukiri aliweka kidole. "Moto," alisema.

"Mama Kailemia, weka."

"Moto," alisema Mama Kailemia.

"Mnamwogesha mtoto mchanga na maji ya joto gani? Si hii? Sasa nani hapa anaweza kupika chai na maji ya kuogesha mtoto? Hii si moto." Sauti ilikuwa ikimpanda na hakujali. "Tatizo lenu ni moja. Kitu kikitoka barafu mnaita baridi, kikitoka hapo mpaka jehanamu mnaita moto. Wiki nzima mnaniambia moto, moto. Mdudu hapendi moto, hapendi baridi. Anapenda hapo katikati. Hapo hamna jina lake?"

Bibi mmoja wa kwaya, kutoka nyuma, akasema polepole, "Hiyo ni vuguvugu."

Neno hilo lilianguka vibaya. Mitunguu hakuna mtu anayeiita chai vuguvugu wala maji. Neno hilo walilisikia mahali pamoja tu, mimbarani, mhubiri akiwasema Wakristo wasio hivi wala hivi, na kila mtu pale alijua mwisho wa mtu vuguvugu ni kutapikwa. Mukiri alisimama wima.

"Umeita chakula yangu vuguvugu?"

"Sijaita mimi, mama."

"Kwa boma yangu. Mbele ya wageni. Vuguvugu."

"Ni neno tu la joto, mama."

Huwezi kuwashinda. Angeweza kumwita mchawi ikawa nafuu. Kelele zikapanda chini ya turubai, huyu akisema hili, yule akisema lile, na Riungu akaangalia saa yake akaushika mfuko wenye kufuli. Mama Kailemia, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa kuliko za wote, alipiga makofi wanyamaze.

"Mimi niseme," alisema. "Daktari ametuletea neno la kanisa. Sawa. Lakini hizi hotipoti tumetumia tangu mwaka jana, hatujaugua. Kitu mpya Jumamosi ilikuwa moja tu, maziwa."

"Safari zingine zilikuwa za hapa karibu," Kagwiria alisema. "Mnapika asubuhi, mnakula saa sita. Hii mlipika jana yake."

"Hiyo ni hesabu ya kitabu. Wewe una mtu mmoja, mmoja tu, ambaye alikula mukimo bila maziwa akaugua? Lete huyo mtu."

Kagwiria hakuwa naye. Alijua hakuwa naye. Ndiyo ilikuwa adha ya wiki nzima, kwamba adabu yao ilikuwa imewalisha wote kila kitu. Aliangalia nyuso zile zote zilizoshiba uhakika akahisi machozi ya hasira yakimjia, na akamchukia kila mmoja wao kwa dakika nzima. Riungu alikuwa ameshasimama.

"Na tena," Mama Kailemia aliendelea, kwa vile mtu akishinda huwa hajui kunyamaza, "huyo Halimo mwenyewe anatudharau. Sisi tulikunywa kitu yake yote, tukamheshimu. Yeye alionja nini yetu? Nyama akakataa. Kuku akakataa. Wali akakataa, chapati akakataa. Alikula mukimo peke yake. Mimi nilimwona."

Kagwiria aligeuka polepole.

"Umesema nini?"

"Nimesema anatudharau."

"Hapana. Baada ya hapo."

Lakini hakungoja jibu. Alipita katikati ya viti hadi mwisho wa turubai, akasimama mbele ya Halimo. Kila mtu aligeuza shingo. "Halimo," alisema, "Jumamosi ulikula nini?"

"Mukimo," Halimo alisema. "Nyama ya kuchinjwa na wengine siwezi, wanajua. Wali ulikuwa na nyama, chapati zilikuwa na mchuzi. Mama Mukiri akanionea huruma, akanipakulia mukimo mwenyewe. Nikamaliza, akaniongeza."

"Na maziwa?"

"Yaliisha. Mwenye kuleta hajipi wa kwanza, dada. Yalipofika kwangu chombo kilikuwa kitupu."

"Hukunywa hata kidogo."

"Hata kidogo."

Kagwiria alijua swali linalofuata, na alijua kwamba alipaswa kuliuliza Jumatatu. Alikuwa ameingia kila nyumba yenye mgonjwa. Kwa huyu alikwenda kibandani, akamuuliza juu ya ngamia na chombo na moshi, akaondoka. Watu wengine aliwauliza tumbo; huyu alimuuliza maziwa. Yeye aliyejiona ndiye mtetezi wake.

"Uliumwa?"

Halimo alishusha macho. "Usiku wote," alisema. "Na Jumapili. Jumatatu nilifungua kibanda nikiwa nimejishikilia mezani."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na ningesema, wangesema hata mwenyewe maziwa yake yamemwangusha. Nikaona ninyamaze."

Mama Kailemia, ambaye alikuwa bado amesimama, alianza kutafuta kiti kwa mkono bila kuangalia. Bwana Riungu alikaa chini, kufuli likagonga ndani ya mfuko, na yeye akalishika haraka lisigonge tena. Mtu wa kuletwa alikuwa amepatikana. Alikuwa ameketi hapo tangu asubuhi na viti viwili vitupu kando yake.

Mukiri alikuja kutoka mezani. Alitembea taratibu, akavuta kimoja cha vile viti vitupu, akaketi. Hakuangalia hotipoti, hakumwangalia mkwe wake.

"Nilikuongeza," alisema. "Mimi mwenyewe."

"Mukimo ulikuwa mtamu, mama," Halimo alisema.

"Na ulipokuwa mgonjwa, nani alikuletea uji?"

Swali hilo liliwapata wote mahali palipouma. Kwa sababu wiki ile uji ulikuwa umetembea Mitunguu yote. Aliyepata nafuu asubuhi alimpelekea ambaye bado amelala, na huyo akiinuka akampelekea mwingine. Mama Kailemia aliletewa mara mbili akalalamika wa kwanza haukuwa na ndimu. Halimo alitazama mikono yake.

"Hakuna," alisema.

Mukiri alifunika uso kwa kitambaa cha kichwa akakaa hivyo. Alipokiondoa macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya mwenyekiti. "Riungu," alisema, "kama umekuja kufunga mahali, jikoni yangu iko hapo nyuma. Funga." Riungu alisema hapana, mama, hakuna haja, tutafundisha tu, na maneno mengine ya ofisini ambayo hakuna aliyeyasikiliza. Mukiri alikuwa ameshamgeukia Halimo tena. "Twende ndani nikupikie uji. Mbele ya macho yako."

"Sitaki uji, mama."

Akina mama walishtuka. Halimo hakuinua sauti, lakini hakushusha macho tena.

"Mimi nimepona," alisema. "Lile neno la sumu hamkulisemea hapa kwa turubai. Mlilisemea sokoni. Nataka na hili la leo mkaliseme huko huko, watu wakiwa wamejaa, vile mlivyolisema la kwanza."

Kagwiria alisubiri mtu alete sababu. Aliwajua. Angeibuka mmoja aseme tuombe kwanza, mwingine aseme jambo hili lipelekwe kwa kamati. Alikuwa ameshaandaa hasira yake kabisa, imekaa tayari.

Mukiri aliegemea goti lake akainuka. "Leo ni soko," alisema. "Viatu vyangu viko wapi?" Mtu akamsogezea. Alivivaa akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya bega la Halimo ili asianguke.

"Mama Kailemia," aliita bila kugeuka, "toka huko nyuma. Wewe ndiye mwenye sauti."